Sura ya Saba: Mkono wa Kulia

Mwahija alikuwa ameapa mara tatu kwamba Maftaha Dadi akirudi Kilwa Kivinje hatamwona hata kivuli chake. Labda aliapa bila udhu, maana Ijumaa ile baada ya alasiri mtu mwenyewe alikuwa amekaa uani kwao, juu ya kigoda kile kile cha zamani, viatu vyake vipya amevivua mlangoni kwa adabu, na yeye Mwahija alikuwa anammiminia chai.

Chai ikafurika, ikamwagika kwenye sahani. Aliuchukia mkono wake kwa kumwaga.

Mama yake, Bi Kudra, alikuwa jikoni akichagua mchele. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, kama inavyotakiwa mtoto wa kike akizungumza na mwanamume asiye maharimu wake, na mchele ule ulikuwa unachaguliwa polepole kupita kiasi. Kila punje ilikuwa inatazamwa kama inaulizwa ukoo wake.

"Umekonda," Maftaha alisema.

"Na wewe umenenepa. Dar es Salaam kuna chakula."

"Mwahija..."

"Kunywa chai. Itapoa."

Akanywa. Mwahija akamtazama kwa pembe ya jicho, na moyo wake mjinga ukafanya yale yale uliyoyafanya mwaka arobaini na tisa, wakati Maftaha alipokuwa mwalimu kijana wa kuchora, akaja kuandika jina kwenye bati la duka la baba yake. Shingo ilikuwa ile ile. Ule utaratibu wake wa kushika kikombe kwa vidole vitatu, kama anashika brashi, ulikuwa ule ule. Miaka saba imepita, na mitatu ya mwisho alikuwa akimlaani kila sala, lakini ukweli lazima usemwe: bado alikuwa anampenda, na jambo hilo lilimuuma kuliko laana zote.

"Nimezungumza na baba yako," Maftaha alisema. "Safari hii hakunifukuza."

Mwahija alijua. Mzee Abdulatifu, mfanyabiashara wa ufuta na samaki wakavu wa ng'onda, ndiye aliyesema zamani, mbele ya watu, kwamba binti yake hawezi kuolewa na mtoto wa mkulima wa Tingi anayepaka rangi mabati. Sasa mtoto wa Tingi alikuwa na jina, anaitwa na Wazungu, picha zake zimekwenda mpaka Unguja. Na binti mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na saba, hana hata posa ya kuikataa. Mzee alikuwa amelainika kama mkate kwenye maji.

"Amekwambiaje?"

"Amesema shauri ni lako. Ukikubali, mahari atapokea wiki ijayo." Maftaha aliweka kikombe chini. "Nimekuja kukuoa, Mwahija. Nimechelewa, najua. Lakini nimekuja."

Jikoni mchele ulinyamaza kabisa.

Maftaha akatia mkono mfukoni, akatoa kadi nyeupe, akampa kwa mikono miwili. Ilikuwa kadi ya mwaliko. Kesho Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa shule, Maonyesho ya Nne ya Picha za Maftaha Dadi, yatafunguliwa na Bwana Shauri, ofisa wa serikali wilayani. Nyuma ya kadi yalikuwa yametajwa maonyesho yaliyopita, moja baada ya jingine, kama vile mtu anavyotaja watoto wake.

Mwahija akasoma kwa sauti.

"Lindi, mwaka hamsini. *Milango*."

"Unayakumbuka?"

"Nitayasahau vipi?" Hakutaka, lakini sauti ililegea. "Milango saba, sita imefungwa kabisa. Watu wa Lindi walisema, tazama huyu kijana anavyojua nakshi za kale, anahifadhi mambo ya wazee. Kumbe milango yote saba ni huu wetu. Umeuchora asubuhi, mchana, wakati wa mvua, umeuchora na ndala za baba kizingitini. Hakuna aliyejua kwamba ni mtu amefukuzwa anasimama nje."

"Wewe ulijua."

"Nilipanda lori siku nzima na shangazi yangu kwenda kuiona. Nilimdanganya kuwa nakwenda kutazamwa jino. Nilisimama mbele ya ule mlango wa saba, ule ulioacha upenyo mdogo, ukaonyesha ncha ya kanga. Nililia mpaka shangazi akasema jino limekuwa baya."

Maftaha akacheka. Mwahija naye akacheka kidogo, na kwa dakika hiyo moja walitazamana kama zamani, macho hayana pa kwenda isipokuwa kwa mwenzake. Angeikata kadi pale, akaitupa sehemu iliyobaki, angekuwa mke wa mtu kabla ya mwezi kuandama.

Lakini kadi ilikuwa mkononi mwake na maandishi yalikuwa yanaendelea.

"Dar es Salaam," akasoma. "Mwaka hamsini na tatu. *Mikono*."

Kicheko kikafa.

Hapa inabidi ieleweke kazi ya Mwahija. Tangu akiwa na miaka kumi na sita alikuwa mpakaji wa piko, ile rangi nyeusi anayochorwa bibi harusi mikononi na miguuni. Kivinje nzima hakukuwa na mkono mwepesi kama wake. Alikuwa na sharti lake moja: ua la bibi harusi mmoja hampi mwingine, na ndani ya ua huficha alama ndogo ambayo huijua yeye na bibi harusi tu, mpaka bwana harusi aitafute mwenyewe usiku wa kwanza. Wanaume walikuwa wakiambiana barazani, wakicheka, fulani alitafuta mpaka adhana ya alfajiri. Kina mama walimlipa vizuri kwa mkono wake, na walimheshimu zaidi kwa mdomo wake uliofungwa.

Maua hayo aliyajaribu kwanza kwenye karatasi za mifuko ya sukari. Na karatasi hizo, ishirini na mbili, alimpa Maftaha. Wakati huo baba amekataza barua, na Mwahija hakuwa na kitu kingine cha kumpa mwanamume anayempenda. Aliyezibeba, zimekunjwa ndani ya kanga, mpaka nyumba za walimu, alikuwa rafiki yake Sada. Kila karatasi ilikuwa imepita mikononi mwa Sada.

"Nilikwambia uzitunze," Mwahija alisema.

"Nilizitunza. Nilikuwa naziangalia kila siku. Nilipokuwa kule peke yangu, nikiona mistari yako naona umekaa karibu yangu. Nikaanza kuchora mikono juu yake. Nilikuwa nakuchora wewe, Mwahija. Ile yote ilikuwa mapenzi."

"Mikono ishirini na miwili, yote mimi?"

"Moyoni mwangu, ndiyo."

"Moyoni mwako." Aliweka kadi juu ya jamvi, akainyoosha kwa kiganja. "Ule mkono wa nne uliotolewa gazetini, moyoni mwako ulikuwa wangu. Kwa Bakary wa Milola ulikuwa wa nani?"

Maftaha akainamisha kichwa. Alijua. Kila mtu wa pwani hii alijua.

Bakary alikuwa mume wa Sada, mkulima wa mikorosho, mtu mpole. Siku ya kwanza aliyomsemesha Sada alimpa gao la korosho kiganjani, hana neno lingine. Kwa hiyo siku ya harusi Mwahija alificha korosho moja ndogo kwenye shina la kidole gumba cha Sada, katikati ya majani, na Bakary alipoiona alilia kama mtoto. Miezi saba baadaye alikwenda Lindi kununua sukari. Akafungiwa sukari yake katika kipande cha gazeti. Alipofika nyumbani akafungua, akauona mkono wa mkewe, jani kwa jani, na korosho yake mahali pake, na chini yake jina la mwanamume.

"Unajua alimwuliza nini?" Mwahija alisema. "Sada alinieleza siku ile aliyorudishwa, amekaa juu ya sanduku lake hapo mlangoni. Alimwuliza neno moja tu. Mtu huyu aliuona wapi mkono wako? Na Sada angesema nini? Aseme alikuwa akimbebea shoga yake karatasi za mapenzi? Angenitaja mimi. Akanyamaza kwa ajili yangu. Kunyamaza kwake ndiyo talaka yake."

"Niliandika barua. Nilimwandikia Bakary nikamweleza."

"Lini?"

Maftaha akakizungusha kikombe kwenye sahani.

"Lini, Mafta?"

"Baada ya mwaka."

"Baada ya mwaka! Bakary alikuwa ameshaoa mke mwingine kule Likawage."

Kutoka jikoni Bi Kudra alikohoa, kikohozi cha kuonya kwamba sauti zimepanda na ukuta wa jirani ni mfupi. Mwahija akashusha pumzi.

"Wallahi sikujua," Maftaha alisema kwa sauti ya chini. "Nisikilize, nihukumu baadaye. Chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba kuchora sura ya mtu si halali. Nikajizuia. Sikuchora sura hata moja maisha yangu yote. Nikajiambia mkono si mtu. Kwetu Tingi mkono ni wa jembe, kila mtu anauona, nani ataujua mkono wa nani? Nilidhani nawaheshimu. Nilidhani nawaficha."

Na haya ndiyo machungu ya Mwahija, msomaji: alimwamini. Maftaha hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

"Kivinje mwanamke anapita njiani gubigubi ndani ya buibui," alisema. "Sura yake huioni. Unamjua kwa nini? Kwa mkono unaoshika ushungi. Unamsalimia kwa jina kwa sababu ya mkono. Ungechora sura zetu, Mafta, tungekuwa salama. Nusu ya mji wasingetujua."

"Nimejuta."

"Najua umejuta. Imeandikwa hapa." Akaokota kadi. "Unguja, mwaka hamsini na tano. *Kuta*."

"Hayo hukuyaona."

"Nilisimuliwa. Kuta tupu za chokaa, hakuna mtu, hakuna ua. Wakasema amechora upweke wa miji ya kale."

"Nilichora aibu yangu. Sikuweza kuchora kitu kingine. Kila nikishika brashi naona lile gazeti. Mwahija, zile kuta ni mimi naomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwako. Kwa Sada. Kwa wote."

"Radhi uliitundika Unguja. Sada yuko hapa Kivinje, nyumba ya tatu kutoka hii. Umepita mbele ya mlango wake ukija. Ulibisha hodi?"

Hakuwa amebisha hodi. Uso wake ulisema hivyo kabla ya mdomo.

"Anatembea na mikono ndani ya kanga," Mwahija aliendelea. "Hata kwenye msiba hatoi mkono. Mimi akiniona anavuka upande wa pili. Na mimi, tangu siku hiyo, hakuna mama aliyeniita kumchora binti yake. Wanamleta mpakaji kutoka Lindi, anachora kama anabandika udongo. Wanasema, ukimpa Mwahija mkono wako utaukuta umefungiwa sukari."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa upindo wa kanga, kwa hasira. Maftaha aliteremka kutoka kwenye kigoda, akakaa kwenye jamvi mbele yake, karibu kuliko desturi inavyoruhusu. Jikoni hakuna aliyekohoa.

"Nataka kusawazisha," alisema. "Ndiyo maana nimeyaleta haya ya nne hapa hapa Kilwa. Unajua yanaitwaje? Hayana jina kwenye kadi. Kesho nitasimama mbele ya Bwana Shauri, mbele ya liwali na baba yako na mji mzima, niseme maua yale ishirini na mawili si yangu. Ni ya Mwahija binti Abdulatifu, mke wangu mtarajiwa. Jina lako litaandikwa. Watakuheshimu."

Mwahija alihisi kitu kinafunguka kifuani, kidogo, kama ule mlango wa saba.

"Utasema hivyo?"

"Nitasema. Katikati ya ukuta nimeacha fremu moja haina picha. Kubwa kuliko zote." Alimshika ncha ya kanga, si mkono, ncha ya kanga tu. "Ni ya lile ua lako. Ulinambia zamani kuna ua umelificha, la siku ya harusi yako, hujalichora hata kwenye karatasi. Nipe usiku huu nilichore. Liwe kilele. Kila mtu atajua ni letu."

Kitu kile kilichokuwa kinafunguka kikasimama hapo hapo.

Hakukasirika. Alishangaa mwenyewe kwamba hakukasirika. Alimtazama tu mwanamume huyu aliyempenda miaka saba, ambaye kwa pumzi moja amemwomba mkono wake na ua la mkono huo, na hajasikia tofauti.

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kibakuli cha udongo na kijiti cha chelewa. Kila Ijumaa alikuwa akikoroga piko kidogo na kuchora juu ya kigae kilichovunjika, asije akasahau kazi. Piko la Ijumaa ile lilikuwa tayari, jeusi, zito, linangoja kigae.

"Nitakupa," alisema.

"Nilete karatasi? Ninayo kwenye—"

"Ua hili halichorwi kwenye karatasi. Lete mkono."

Maftaha alitabasamu, hajaelewa. "Mkono wangu?"

"Wa kulia. Nitaanzia kwenye kucha mpaka kifundo, na kiganja chote. Kesho usimame hivyo mbele ya ukumbi. Ukitaja jina langu, watu waone mkono wako. Wakikupa mkono, wakushike na ua langu. Halitoki mpaka siku kumi zipite. Wanawake ishirini na wawili uliionyesha watu mikono yao. Onyesha wako mmoja, na mimi namwambia baba apokee mahari wiki ijayo."

Tabasamu likaondoka polepole.

"Mwahija, hili ni pambo la wanawake."

"Ndiyo."

"Piko! Maua mpaka kwenye kucha! Bwana Shauri atanipa mkono. Liwali atakuwepo. Ndugu zangu wanakuja kutoka Tingi, watafikiri nimeingiwa na wazimu. Watanicheka mpaka kaburini."

"Siku kumi, Mafta. Kicheko cha siku kumi. Sada ana miaka mitatu."

Jasho lilimtoka Maftaha juu ya mdomo. Mwahija alishika kijiti juu ya kibakuli, na katika roho yake alikuwa anaomba, kwa Mungu wa wenye kuomba vibaya na vizuri, *lete, lete, lete mkono, mpenzi wangu, nisamehe kila kitu leo leo*. Kama angeulizwa siku ile anataka nini duniani, asingetaka jingine.

Maftaha aliutazama mkono wake wa kulia. Akautia chini ya paja, pengine bila kujua. Kisha akanyoosha ule mwingine.

"Chora huu wa kushoto," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Huu nitautia mfukoni. Wewe na mimi tutajua kwamba upo. Si ndiyo mapenzi hayo?"

Piko lilidondoka kutoka kwenye kijiti, tone moja, juu ya kadi nyeupe. Hakuna aliyelifuta.

"Ndiyo mapenzi hayo," Mwahija alisema. "Nenda, Mafta."

"Mwahija, tafadhali. Usiniache kwa jambo dogo kama hili."

"Kama ni dogo ungelifanya. Nenda. Viatu vyako viko mlangoni. Nyumba ya tatu ukitoka, mkono wa kulia, ukitaka kubisha hodi. Usipotaka, pita."

Alisimama. Alisimama muda mrefu, akimtazama kwa macho yale yale yaliyomfukuza usingizi akiwa na miaka ishirini, na Mwahija akayaacha yamtazame, hakuyakimbia. Kisha akasikia viatu vikivaliwa. Akasikia mlango, ule mlango wa picha saba. Akahesabu hatua njiani: nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, ya tatu. Hatua hazikusimama.

Ndipo akalia. Alilia bila kujificha, kibakuli kikiwa mapajani, mpaka akahisi mtu anakaa kwenye jamvi mahali pale pale Maftaha alipokuwa amekaa. Alikuwa mama yake, ana vumbi la mchele kwenye kanga. Mwahija alijiweka tayari kwa maneno: umri wako, baba yako, watu watasemaje. Bi Kudra ndiye aliyeitaka ndoa hii kuliko wote. Ndiye aliyekuwa ameshatoa shuka sandukuni kuzianika.

Bi Kudra hakusema lolote kati ya hayo. Alitazama kibakuli.

"Piko likikaa linaharibika," alisema. Akanyoosha mkono wake wa kulia, mkono wa mama wa miaka hamsini, wenye kovu la kisu cha samaki na kidole kilichopinda. "Nichore mimi. Kesho nina harusi ya kupika kwa jirani zetu kina Magdalena, nitapakua nao mbele za watu."

Mwahija aliushika mkono ule, akaugeuza, akaulaza juu ya goti lake. Akachovya kijiti. Akaanza kwenye ukucha wa kidole cha shahada, mstari mwembamba, kisha jani, kisha jani la pili likiinama juu ya la kwanza, ua ambalo Bi Kudra hajapata kuliona kwa bibi harusi yeyote wa Kivinje.

Mama alitazama likikua mpaka kwenye kifundo. Sauti yake ilikuwa ndogo alipouliza.

"Mwanangu, hili si lile la harusi yako?"

"Lilikuwa, mama," Mwahija alisema. "Tulia, usitikisike."